Land Rover ya Mjomba, Arusha hadi Waso kwa njia ya Natron

Nimeyaandika haya baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari linalokaa juu ya dashibodi na picha za simu. Kurasa kadhaa zina alama za vidole vya grisi, kwa hiyo bei chache nimezikadiria.

Kabla ya kuondoka

Gari ni Land Rover 110 ya mwaka 1996, injini ya dizeli ya 300Tdi. Mjomba aliinunua kwenye mnada. Mwaka 2011, watu walipomiminika kijiji cha Samunge kunywa kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, gari hili lilibeba wagonjwa na ndugu zao kutoka Arusha kwa miezi kadhaa. Kikombe kilikuwa shilingi 500. Nauli ndiyo iliyokuwa nzito. Babu alifariki mwaka 2021, na Mjomba hakuwa amerudi kule tangu msimu ule. Alipostaafu udereva akanikabidhi funguo. Mwaka huu akaniambia, "Mjomba, nipeleke nikaione ile barabara kabla magoti hayajagoma."

Kila mtu ananishauri niuze. Wana hoja: mwezi haupiti bila kitu kudai hela. Ila injini hii haina kompyuta. Pampu ya dizeli inafanya kazi kimashine, na ikishawaka, umeme pekee inaouhitaji ni wa waya mmoja unaofungua njia ya mafuta. Bodi ni ya aluminiamu, imekaa juu ya chesesi ya chuma, na karibu kila bolti unaiona kwa macho. Popote penye mtu mwenye spana na akili, gari hili lina fundi. Kwa njia tuliyokusudia kupita, hilo kwangu lina thamani kuliko kiyoyozi.

Gereji ya mtaa wa Unga Limited, Arusha, ilichukua siku tatu: oili lita saba hivi na filta zake, 110,000, mkanda wa taimingi na beringi yake, 190,000 (muda wake ulikuwa umefika, na mkanda ukikatika kwenye injini hii vavu hugongana na pistoni, hapo unazungumzia injini nyingine), bushi za mbele, 60,000, ufundi, 80,000. Hozi za maji zilikaguliwa, zikaonekana bado zina uhai.

Jumamosi: Arusha, Mto wa Mbu, Engaruka

Tulitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Lami hadi Makuyuni, kisha kulia hadi Mto wa Mbu, haina la kusimulia zaidi ya kwamba 110 ikizidi kilomita 85 kwa saa hamsikilizani tena. Mjomba alilala.

Mto wa Mbu tulikula wali wa mchele wa palepale, maharage na mchicha, 4,000 kwa sahani, tukanunua kichane cha ndizi nyekundu. Tukajaza tangi pomoni, lita 80, dizeli ikiwa karibu shilingi elfu tatu kwa lita, na dumu la lita 20 juu yake. Kwa atakayepita: fanya hivyohivyo. Mbele ya hapo, hadi Waso, dizeli tuliyoiona ni ya kupimiwa kwenye chupa na madumu, bei ni ya mwenye dumu, na usafi wake huwezi kuuthibitisha.

Tulipoiacha lami kuelekea kaskazini tulisimama kupunguza upepo kwenye matairi, kutoka 40 hadi 28. Barabara ya Engaruka ina mawimbi mafupi yaliyobanana, na gari likitembea juu yake kila kilicholegea kinajitangaza. Ukienda polepole unatikiswa mifupa, ukienda kasi kidogo gari linapaa juu ya mawimbi lakini breki na stelingi zinabaki jina tu. Tulikaa kwenye 50. Hapa ndipo springi za koili za 110 zinapoonyesha kazi yake. Land Rover za zamani zaidi, zile za springi za majani, zingetutoa meno.

Engaruka tulifika saa tisa. Kabla ya chai tulizunguka gari na spana mkononi: nati mbili za gurudumu la nyuma kushoto zilikuwa zimeanza kulegea, na bolti moja ya keria ya juu ilikuwa imetoweka. Kazi hii tuliifanya kila jioni. Dakika ishirini za spana jioni zinaokoa nusu siku ya kesho.

Jioni kijana wa kijijini alitutembeza kwenye magofu, kuta za mawe na mifereji ya umwagiliaji ya watu waliolima chini ya bonde hili kati ya karne ya 15 na ya 18. Mjomba alisimama kwenye mfereji mmoja, akauangalia mteremko wake, akasema aliyeuchimba alijua kupima bila kifaa. Tulilala kambi ndogo, 15,000 kwa mtu.

Jumapili: Engaruka hadi Engaresero

Asubuhi njema, vumbi jepesi, pundamilia pembeni. Tulisimama Shimo la Mungu, shimo kubwa lililodidimia katikati ya uwanda, kisha tukauacha mlima Kerimasi nyuma na Ol Doinyo Lengai ukakaa mbele ya kioo. Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu, na ulilipuka kwa nguvu mara ya mwisho mwaka 2007 hadi 2008. Mjomba anakumbuka majivu yake.

Saa nne na kitu injini ilizima. Haikukohoa, haikutoa moshi. Ilinyamaza tu, tukaserereka hadi gari likasimama lenyewe.

Mjomba hakushuka. "Fungua swichi, usipige stata. Umesikia ile 'tik'?"

Sikusikia kitu.

"Basi dizeli ipo na pampu ni nzima. Umeme haufiki."

Ule waya mmoja. Kichwa chake kwenye pampu kilikuwa kimekatika kwa mtikisiko, na kipande kilichobaki kilikuwa kifupi mno kufika. Tulikuwa na spana za kila namba, jeki mbili, mkanda wa akiba, lakini waya wa kuungia haukuwemo kwenye boksi. Jua lilikuwa limeshaanza kuuma. Wakaja watoto wawili wa kuchunga mbuzi, wakainamisha vichwa tuwaguse kwa salamu, wakakaa kivulini mwa gari letu kwa heshima zote.

Baada ya nusu saa hivi ilitokea pikipiki imefungwa maboksi ya biskuti na sabuni hadi shingoni mwa dereva. Alisimama kabla hatujainua mkono. "Shikamoo mzee," akamwambia Mjomba, kisha kwangu, "Kaka, imekufa au imelala?" Chini ya kiti chake alikuwa na waya wa futi kadhaa na utepe mweusi wa umeme. Akakata kipande, akamenya ncha kwa meno, akasokota. Nilipofungua swichi, 'tik' ikasikika hadi kwa watoto, wakacheka. Stata ikapiga mara moja, injini ikapokea.

Nilimpa 10,000. Aliikataa kabisa. "Mkinikuta tairi limepasuka mtasimama." Akatuachia na waya uliobaki. Watoto walipata ndizi nyekundu, wakaondoka nazo mbio kuwaonyesha wenzao.

Kwa mwenye 300Tdi: tembea na mita mbili za waya na vichwa vyake. Injini ikizima ghafla bila dalili, sikiliza ule mlio kwanza kabla hujagusa bomba lolote la dizeli; ukifungua mabomba bila sababu utaingiza hewa na kujiongezea kazi.

Engaresero tulilipa ushuru wa kuingia getini, tukadai risiti na kuiweka karibu, kwa sababu iliulizwa tena mbele. Mchana ni joto la kutisha. Jioni tulishuka ziwani kwa miguu na mwongozaji. Ziwa Natron ndilo eneo kuu la kuzaliana la heroe wadogo wa Afrika Mashariki. Magadi yake makali yanawaweka mbali wanyama ambao wangekula mayai. Walikuwa mbali, mstari wa waridi unaohamahama juu ya maji. Magadi hayohayo hula chuma. Usiendeshe gari kwenye tope la ziwa, kwanza ni kuharibu mahali, pili chesesi yako itakudai miaka ijayo. Ukirudi, osha gari kwa chini, hasa pale chuma na aluminiamu vinapokutana.

Jumatatu: Kupanda ukingo wa Bonde la Ufa

Siku hii ndiyo iliyobeba safari nzima.

Kutoka uwanda wa ziwa barabara inapanda ukingo wa Bonde la Ufa kwa kona za mawe, na kuna sehemu kona ni kali hadi unarudi nyuma kidogo ndipo uzunguke. Tuliweka gia nzito, tukafunga difu ya kati, gia ya pili, mguu mbali na breki. Hapo gari hili linakuwa mnyama mwingine. Halikimbii, wala huhitaji kulikanyagia mafuta. Linashika jiwe, linalipanda, linatafuta jingine. Mjomba alikuwa ameshika mpini wa mlango na anatabasamu peke yake. "Hapa tulikuwa tunapishana usiku," alisema. "Anayeshuka anazima taa kubwa, anayepanda anapiga honi." Alinionyesha pembe ya mwamba ambako mwaka ule magari yalilala foleni, madereva wakiazimana jeki na fenbelti bila kuulizana majina, huku wagonjwa wamelazwa kwenye mikeka pembeni.

Robo tatu ya mpando, mshale wa joto ulianza kupanda na mvuke ukatoka kwenye boneti. Nilizima palepale na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Hozi ya juu ya rejeta ilikuwa imepasuka kidole kizima karibu na klipu. Maji yalikuwa yanakwenda zake barabarani.

Mpasuko ulikuwa mwishoni, kwa hiyo palikuwa na namna: kukata kipande kilichoharibika, kuivuta hozi, kuifunga upya na klipu. Tatizo lilikuwa maji. Mfumo huu unachukua zaidi ya lita kumi, na sisi tulikuwa na lita sita za kunywa.

Tulingoja kwanza injini ipoe. Hapa sitanii: usifungue mfuniko wa maji wa gari lililochemka, hata kama jua linakuua. Tulikaa zaidi ya saa moja chini ya mgunga wenye kivuli haba. Mjomba akanifundisha kukunja shuka kama kilemba.

Wakaja akina mama watatu na punda wanne, wametoka kuteka maji. Kila punda alikuwa na madumu mawili ya njano. Nilimsalimu mkubwa wao, "Takwenya, yeyo." Akaitikia, "Iko." Kiswahili chake kilikuwa kichache, Kimaasai changu kichache zaidi. Akaangalia boneti iliyofunguka, akaangalia unyevu barabarani, akazungumza na wenzake. Kisha akafungua kamba na kushusha dumu moja zima, lita ishirini.

Nilimwambia ni mengi, nusu inatosha. Akatikisa mkono kwamba niache maneno. Mjomba alimuuliza maji yako umbali gani, akaonyesha chini, kule tulikotoka, mbali kabisa bondeni. Kwa hesabu ya miguu na punda, ile ilikuwa asubuhi yake nzima iliyoshushwa mbele ya rejeta yetu. Tulijaza polepole. Kwenye injini hii kuna kizibo juu ya kasha la themostati. Ni lazima ukifungue hewa itoke wakati unajaza, la sivyo mshale utapanda tena baada ya kilomita mbili. Yule binti mdogo wao ndiye aliyeshika faneli, na alipoona maji yanachuruzika pale juu bila mapovu alipaza sauti kabla yangu.

Hela hawakukataa kabisa. Mama alipokea 5,000, akairudisha ya pili. Alichotaka ni kamba, kwa sababu ya kwake ilikuwa imekatikakatika. Tulimpa kamba yetu ya kufungia mizigo, mita kumi za nailoni, na sukari kilo mbili tuliyokuwa nayo. Waliufunga mzigo upya kwa ile kamba na kuendelea kupanda. Tulipowasha na kuwapita juu kidogo, walituinulia fimbo.

Kuna siku gari hili limenifanya nitake kulia gereji, nikihesabu noti kwa kitu nilichokilipia miezi mitatu nyuma. Lakini gari zima lingepita pale vioo vimefungwa. Ningewaona akina mama wale kwenye kioo cha pembeni, ndani ya vumbi langu.

Juu ya ukingo hewa ni baridi na barabara inatulia. Tuliendesha taratibu, macho yote kwenye mshale wa joto, tukalala Digodigo kwa mwenyeji aliyetupa chumba kwa 10,000 na ugali, maharage na maziwa ya mgando bila kutaja bei. Tulimwachia 10,000 nyingine chini ya sahani.

Jumanne: Samunge na Waso

Samunge ni kijiji cha Wasonjo, wanaojiita Batemi, watu wa mifereji ya zamani na mashamba yaliyogawiwa maji kwa zamu. Mjomba alitarajia kupakumbuka kila kona. Alikumbuka kilima na mti mmoja. Palipokuwa na bahari ya magari na maturubai sasa pana nyasi, kuku na watoto wa shule. Mzee aliyetupokea aliliangalia gari letu, akasema magari ya namna hii ndiyo yalikuwa yakifika hata mvua ilipokata njia. Walikaa na Mjomba zaidi ya saa mbili wakitajiana mwaka ule: nani alikwama wapi, mto upi ulichukua gari, mgonjwa yupi alifia foleni. Sikuwaingilia.

Kati ya Sale na Waso kuna lami, karibu kilomita 49, nzuri kuliko nyingi za mjini. Baada ya siku za mawe, ukimya wake ulitushtua hadi tukasikia mlio mpya: brakketi ya egzozi imekatika. Fundi wa kuchomelea Waso aliichomea kwa 8,000 na kuongeza kipande cha nondo ambacho, alisema, kitazeeka baada ya gari. Hozi ya kwetu hakuwa nayo. Alikata kipande cha bomba la chuma, akakiingiza ndani ya hozi kama mfupa, akafunga klipu nne. 7,000. Dizeli tuliongeza lita 30, ghali kuliko mjini. Jioni nyama choma na ndizi, 12,000 kwa wawili.

Jumatano na Alhamisi

Kurudi hadi Engaresero kwa njia ileile, bila tukio. Alhamisi tulipumzika, Mjomba akiloweka magoti kwenye kijito kinachotoka maporomokoni, mimi nikisafisha filta ya hewa. Vumbi lililotoka lingejaza kopo.

Ijumaa: Kuzunguka Gelai hadi Longido

Badala ya kurudi Mto wa Mbu tulipita mashariki, chini ya mlima Gelai, kisha Ketumbeine hadi Longido. Usiende njia hii masika, na usiende peke yako kama huna uzoefu: vijia vinagawanyika kila mahali, ramani ya simu inaonyesha kimoja wakati ardhini viko vitano, na udongo mweusi ukilowa hata Land Rover inalala. Sisi tuliuliza kila boma. Mara mbili mchungaji alipanda kwenye ngazi ya nyuma, akatuelekeza kwa kugonga bodi, kofi moja kushoto, mawili kulia, akashuka panapomfaa.

Pancha moja, tairi la mbele, mwiba wa mgunga. Dakika thelathini na tano.

Hii ndiyo siku niliyolifurahia gari kuliko zote. Tulifungua vile vifuniko viwili vya upepo chini ya kioo cha mbele, hewa ya uwanda ikaingia na harufu ya majani makavu. Twiga, swala twiga wamesimama kwa miguu miwili wakila vichaka, na Kilimanjaro ikajitokeza kwa mbali, kilele tu. Injini iko kwenye mlio wake wa chini, gia ya tatu, mshale wa joto umetulia katikati. Mjomba aliomba aendeshe. Nilimpa funguo, na kwa kilomita kama thelathini hakubadilisha gia hata mara moja isivyostahili.

Longido saa kumi: mbuzi choma na soda baridi. Tukarudisha upepo kwenye matairi kwa mwenye kompresa, 2,000. Kilomita 80 za lami hadi Arusha, tukaingia giza limeanza.

Hesabu na kilichobaki

Ukiacha matengenezo ya mwanzo, dizeli ilikula kama 400,000, malazi na chakula kama 180,000 kwa wawili, ushuru na waongozaji 70,000, matengenezo ya njiani 15,000. Hizo ndogo za mwisho ndizo zilizoturudisha nyumbani.

Fundi wa Unga Limited ameligeuza gari chini juu. Kipande cha nondo cha Waso hajakigusa, amesema kikae. Waya wa pikipiki ameubadilisha. Ila ameonyesha tone la oili linalotoka kwenye tundu chini ya kasha la klachi: sili ya nyuma ya injini imechoka, na kuifikia lazima gia boksi ishuke. Sili yenyewe ni 35,000, ufundi 250,000. Tumekubaliana kazi ianze Jumatatu, na kwa kuwa gia boksi itakuwa chini, abadilishe na klachi. Hozi mpya nimenunua mbili: moja imefungwa, nyingine iko chini ya kiti cha mbele pamoja na klipu, mita tano za waya na kamba ya nailoni ya mita ishirini.